Wanatuita “résilients”: neno linatoka wapi, na linatupeleka wapi?



Haya njo mazungumzo tuliyofanya kwanza Butembo, halafu Beni. Wengi walituomba maandishi, basi tunayaweka hapa karibu vile tulivyoyasema.

Leo hatukuja na tangazo wala na tarehe ya maandamano. Tumekuja na neno moja. Tunajua mutu anaweza kutuuliza: watu wanachinjwa, ninyi munaleta masomo ya lugha? Mutupe dakika chache, mutaona namna neno hilo linavyogusa damu yetu.

Tulilikuta wapi

Siku moja baadhi yetu tuliitwa kwenye atelier ya shirika moja la kiutu, hapa Beni. Salle nzuri, maji ya chupa, projekta. Kwenye ukuta wakaweka picha ya mama amebeba ndizi kichwani, na chini yake neno la Kiingereza, juu wafadhili wanasoma Kiingereza: *resilient*. Mwenye kufundisha akaligeuza kwa Kifaransa: *population résiliente*. Akasema hiyo ni sifa kubwa, watu wa Beni wanashangaza dunia: leo wanazika, kesho soko iko wazi.

Tukapiga makofi. Hata sisi tunaoandika hapa, tulipiga makofi.

Nyuma yetu alikuwa mama mumoja aliyekimbia kijiji chake upande wa Mbau. Akanyoosha mukono, akauliza kwa Kiswahili hilo neno maana yake nini. Wakamwelezea: ni mutu anayepigwa, anaanguka, halafu anasimama tena. Akafikiri kidogo, akasema: “Sisi tulifungua soko juu watoto walikuwa hawajakula.” Akaketi. Mwenye kufundisha akasema ahsante mama, akaendelea na picha ingine.

Tulirudi nyumbani na aibu. Mama yule alikuwa amesema jambo ambalo sisi wenye diploma hatukuliona. Yeye alieleza njaa, wao wakaandika sifa. Njo tukaanza kutafuta neno hilo lilizaliwa wapi na lilipitia wapi mupaka likafika kwenye ukuta wa Beni.

Mupira, mwangwi, ubao na nyundo

Mwanzo wake ni Kilatini: *resilire*. *Salire* ni kuruka, na lile *re* la mbele ni kurudi. Kwa hiyo ni kuruka kurudi nyuma. Piga mupira kwenye ukuta, unakurudilia. Waingereza walilichukua mu karne ya 17, wakaita *resilient* kitu kinachogonga na kurudi. Francis Bacon, mu kitabu kilichotoka mwaka 1626, alitumia neno la ukoo huo akizungumuzia mwangwi, sauti inayogonga mulima na kurudi. Munaona, hakuna sifa ndani. Hakuna mutu aliyepongeza mupira.

Mu karne ya 19 neno likaingia kwa wahandisi. Mwingereza Thomas Tredgold alilitumia juu ya mbao: mbao gani inabeba muzigo wa kushitukiza, inapinda, halafu inarudi bila kuvunjika. Wale kati yenu munaosoma ujenzi munajua jambo hili kuliko sisi. Kila ubao, kila chuma, iko na kipimo chake. Chini ya kipimo, inapinda na kurudi. Ukipita kipimo, inabaki imepinda, ao inavunjika. Muhandisi anayesema tu “chuma hii ni nguvu” bila kusema inabeba kiasi gani, usimupe daraja ajenge.

Wafaransa nao walipeleka *résilience* kwenye viwanda vya chuma. Kipimo kinachojulikana sana kina jina la Georges Charpy, tangu mwaka 1901. Wanachukua kipande cha chuma, wanakikata mukato mudogo katikati, wanakipiga na nyundo kubwa inayoning’inia. Wanahesabu nguvu iliyotumika kukivunja. Hebu musikie vizuri: ili kujua chuma iko *résilient* kiasi gani, wanaipiga. Na mu karatasi ya kipimo, nyundo inaandikwa pia: uzito wake, urefu ilioangukia, yote.

Hapo njo tunaona tofauti ya kwanza. Kwa wahandisi, neno lilikuwa na nyundo na lilikuwa na mwisho. Kwenye ukuta wa ile salle, nyundo haikuwa mu picha. Mwisho pia haukuwa.

Namna kipimo kiligeuka kuwa sifa

Mwaka 1973, C. S. Holling wa Kanada akalipeleka neno kwenye misitu na maziwa: pori linaweza kupata moto na wadudu kiasi gani, na bado likabaki pori? Swali zuri. Lakini hata yeye alijua kuko mahali ambapo pori halirudi tena.

Halafu likafika kwa watoto. Emmy Werner na wenzake walifuata watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu utoto mupaka wakawa watu wazima. Walikuta jambo lililosimuliwa sana: kati ya wale waliokulia mu shida nyingi, karibu mumoja kwa kila watatu alikua vizuri, akajitegemea, akajali wengine. Huyo mumoja njo aliitwa *resilient*. Lakini wale wawili waliobaki? Utafiti uliwahesabu. Sisi tunaorudilia neno, tumewasahau. Tena ule utafiti ulionyesha kwamba wale waliosimama mara nyingi walikuwa na mutu: bibi, mwalimu, jirani, mukubwa mumoja ambaye hakuwaacha. Boris Cyrulnik, daktari aliyelieneza neno kwa Kifaransa, wazazi wake walichukuliwa na kuuawa wakati wa vita kuu ya pili, yeye akiwa mutoto. Naye amefundisha miaka yote kwamba mutoto haamki peke yake, kuko mukono unaomuinua.

Mwezi wa 1 mwaka 2005, Kobe mu Japani, mataifa 168 yalikubali mupango wa miaka kumi juu ya maafa, na neno *resilience* likawekwa ndani ya jina la mupango wenyewe. Tangu pale neno likapanda ndege. Likaingia mu miradi, mu ripoti, mu bajeti. Kujitayarisha kwa mafuriko na kwa tetemeko la udongo ni jambo la akili, hatulipingi. Mvua haina chef wa kushitaki. Lakini neno lililotengenezwa kwa ajili ya mvua, wamelivalisha watu wanaouawa na watu.

Mwaka huohuo wa 2005, mwezi wa 8, tufani Katrina ilipiga New Orleans, Marekani. Kuta za kuzuia maji zilivunjika juu zilikuwa zimejengwa vibaya, na wamasikini weusi njo walibeba muzigo mukubwa. Wakasifiwa dunia nzima: *resilient*. Miaka kidogo nyuma, mabango yakaonekana mu muji ule yakiomba watu waache kuwaita hivyo. Sababu yao ilikuwa wazi: kila mukisema tunavumilia, munajipa ruhusa ya kutuongezea lingine. Ndugu zetu wa ngambo ya bahari walifika kwenye swali letu mbele yetu.

Kiswahili chetu kinasema nini

Sasa turudi nyumbani. Mutafute neno moja la Kiswahili la kulitafsiri. Redio zinasema “ustahimilivu”, lakini ni nani anasema hivyo kwenye soko? Sisi tuko na maneno mane, na kila moja linasema kitu chake.

Kuko kuvumilia. Unavumilia mvua juu unajua itakatika. Uvumilivu uko na mwisho. Wazee wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini ile methali inaamini kwamba muti ni wako na tunda litabaki pale likikuiva. Mukulima wa Eringeti aliyekimbia, akasikia kakao yake inavunwa na mutu mwingine, atakula mbivu gani?

Kuko kujikaza. Hiyo ni ya siku moja: siku ya mazishi, siku ya kuzaa, siku ya mutihani. Hakuna mutu anaweza kujikaza miaka kumi na asipasuke ndani.

Kuko kujitafutia. Hiyo tunaijua sana. Wakongomani wote wanaijua “artikle 15”, *débrouillez-vous*, ile artikle ambayo watu wanasimulia kwamba ilizaliwa Kasai ya Kusini kisha uhuru. Kwanza ilikuwa kichekesho juu ya serikali isiyolipa mutu. Leo tunaisema bila kucheka.

Na kuko kuzoea. Hapa njo kuna hatari. Mutu aliyezoea haoni tena. Anasikia “wameua watano”, anauliza “wapi?”, akisikia si kwenye avenue yake, anaendelea kukunja chapati.

Neno *résilient* linachukua yote mane na kuyatia mu mufuko mumoja. Linachukua njaa ya mama wa soko, machozi ya mujane, akili ya mufanyabiashara na macho yaliyozoea, linaandika juu: sifa. Sisi tunaomba mufuko ufunguliwe.

Butembo, fahari yetu na mutego wetu

Vijana wa Butembo, hapa tuongee bila kudanganyana. Sisi tunapenda sifa hii kuliko wengine. Tunapenda kusema: muji wetu ulijengwa na wenyewe. Na ni kweli. Wafanyabiashara wetu walichanga makuta juu ya umeme wakati hakuna aliyewaletea. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza diosezi ya Butembo-Beni tangu mwaka 1966 mupaka 1997, aliwaamusha waamini wakatengeneza barabara kwa mikono yao. Mwaka 1989 tukapata chuo kikuu cha Graben. Watafiti wa Ulaya walikuja kuandika: muangalie muji unaoishi bila serikali!

Hatuwezi kuona haya juu ya hiyo kazi. Ni mali yetu. Lakini mutuambie: kama sisi tunajenga barabara, na taxe tunalipa, na peage tunalipa, ile pesa ingine inafanya nini? Kila mara tunapojaza shimo sisi wenyewe na kunyamaza, mukubwa mumoja mahali fulani anajifunza kwamba hakuna haja ya kujaza shimo.

Mukumbuke pia upande wa pili wa Kataliko. Yule wa barabara njo yule ambaye, akiwa askofu mukuu wa Bukavu, aliandika ujumbe wa Noeli ya mwaka 1999 kulaani unyonyaji na vita. Mwezi wa 2 mwaka 2000 watawala wa RCD wakamuzuia kurudi Bukavu, wakamuacha huku Butembo mupaka mwezi wa 9. Mwezi uliofuata alikufa Roma. Mukono wake mumoja ulishika chepeo, kinywa chake hakikufungwa. Sisi tumerizi chepeo tu, ao na kinywa pia?

Beni, nani anahesabu mapigo?

Vijana wa Beni, ninyi hamuhitaji tuwahesabie. Lakini tunahesabu, juu neno zuri linafanya tusahau hesabu.

Mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalianza kwa wingi mu muji na mu teritware ya Beni. Tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 2016, Rwangoma. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina. Ilipotangazwa kwamba imeisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa mu sehemu zote ilizofika. Na katikati ya Ebola, siku chache mbele ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, tukaambiwa Beni na Butembo hatutapiga kura na wengine, juu ya ugonjwa na juu ya usalama. Pamoja na Yumbi, watu zaidi ya milioni moja wakawekwa pembeni. Soko ilikuwa wazi, kanisa lilikuwa wazi. Kura njo ilikuwa na mikrobe.

Mwezi wa 5 mwaka 2021 wakaleta *état de siège*. Ilianza kama ya siku 30. Imeongezwa mara ngapi? Mutu anayeweza kujibu bila kutafuta kwenye telefone anyooshe mukono. Munaona? Hata hiyo tumeizoea.

Kila pigo kati ya haya lilikuwa na ripoti, na mu ripoti nyingi sisi tulikuwa *résilients*. Nyundo ilipiga, wakahesabu chuma.

Lakini Beni imeonyesha pia kitu ambacho neno hilo halina nafasi yake. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, watu wa Beni walipanga mustari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe bila kibali cha mutu. Mwezi wa 4 mwaka 2021, wanafunzi walibeba madaftari na mikeka, wakaenda kulala siku kadhaa kwenye kiwanja cha meri, wakidai rais aje kuona mauaji na macho yake. Walikuwa watoto. Hawakuruka kurudi pale walipokuwa. Walisogea mbele. Kwa hiyo kitu, Kilatini chao kitafute neno lingine.

Nani alivunja mapatano?

Tulisema hatutasahau ukoo wa neno. Mu Kifaransa *resilire* ilizaa pia *résilier*. Hiyo munaijua wote: kurésilier contrat. Mwenye nyumba anakuambia mapatano yamekwisha, utoke. Maana ya zamani ni ileile: kuruka nyuma, kujitoa.

Sasa mufikiri. Sisi raia tuko na mapatano na serikali, yameandikwa mu katiba ya mwaka 2006. Artikle 52 inasema Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Sisi tunalipa, tunatii, tunapeleka watoto wetu mu jeshi. Yule aliyeruka nyuma ni nani? Wanatuita *résilients*, kumbe ni wao njo walirésilier.

Hatusemi wote wenye kutumia neno hilo ni wabaya. Wengi wanatupenda, na wengine wanalala nasi mu hatari. Hatusemi pia nguvu yetu ni uongo. Kama wamama wa Oicha hawangekuwa na nguvu, leo hakungekuwa Oicha. Tunasema tu: nguvu ya mama ni sifa ya mama. Haiwezi kuwa cheti cha yule aliyemuacha peke yake.

Tufanye nini na neno hili

Hatuwezi kulifukuza, limeshazoea inchi. Lakini tunaweza kulirudisha kwa wahandisi. Kila mara mukilisikia, mu atelier, kwenye redio, mu kinywa cha mukubwa aliyekuja na helikopta, muulize kwa heshima maswali matatu.

La kwanza: nyundo ni nani? Musikubali sentensi yenye aliyepigwa bila aliyepiga, wala bila yule aliyepaswa kuzuia.

La pili: kipimo ni kiasi gani? Mutaje siku mutakayosema imetosha.

La tatu: mukono uko wapi? Kama hata mutoto wa Kauai alihitaji mukubwa mumoja asiyemuacha, wetu ni nani?

Na sisi kwa sisi, tuchunge ndimi zetu. Mwenzako akifiwa, usimuambie “umezoea”. Mumuite shujaa kama munapenda, lakini kwanza mumuulize kama amekula. Muandike majina ya waliokufa na tarehe, mu daftari, mu telefone, musingoje ripoti. Mutu aliyeandikwa jina hawezi kugeuka kuwa “population”.

Yule mama wa Mbau hatujui leo yuko wapi. Pengine alirudi shambani, pengine anauza matembele mahali fulani kando ya barabara. Siku ile alitufundisha bila projekta. Tangu siku ile, mutu akitupongeza juu tunasimama tena, tunamuambia ahsante, halafu tunamuomba atuelezee kwanza kwa nini tulianguka.

Tumeishi miaka mingi mu artikle 15. Tunataka kuhamia mu artikle 52. Barabara kati ya zote mbili haijatengenezwa, na hii tunaijua: tutaanza na chepeo zetu, lakini safari hii hatutanyamaza tukichimba.

Muchunge mukienda nyumbani, na mutumiane ujumbe mukifika.

Butembo na Beni